Macho ya Sijali

Mama alipokata roho, Shangazi Milembe alinitazama akasema, "Kabula, wewe ndiye mkubwa. Mfumbe mama yako macho." Nikainua mkono, ukafika katikati, ukagoma. Ndugu waliokuwa chumbani wakadhani ni uchungu. Mmoja akanishika bega akaniambia nijikaze. Haukuwa uchungu; uchungu ulikuja baadaye na bado sijamalizana nao. Ilikuwa hofu, tena hofu ya zamani, na nikisema ilianzia kwa mbwa mtanicheka. Chekeni tu, lakini nisikilizeni mpaka mwisho. Wengi wenu mlikua miaka ile niliyokua mimi, na mnajua jinsi mambo ya wakubwa yalivyokuwa yakizungumzwa mbele yetu kana kwamba hatupo, tukabaki kuunganisha vipande wenyewe na kukosea.

Tulikuwa tunakaa Igoma, nyuma kidogo ya barabara ya Musoma, wakati nyumba bado ni chache na mashamba ya mihogo yanaanza mara tu baada ya uzio wetu. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba, yeye na wenzake wengi, akarudi nyumbani na mashine ya kuchomelea, akafungua karakana uani. Mama alikuwa na cherehani yake barazani. Mitumba ilikuwa imeanza kuingia kwa fujo na watu hawashoni tena nguo mpya kama zamani, basi akawa anapunguza masuruali ya Wazungu yawaenee watu wa Igoma. Hakuna aliyelalamika sana. Kila mtu mtaani alikuwa anajifunza kuishi kwa alichonacho mikononi.

Kitu kimoja lazima mkijue kuhusu wazazi wangu. Baba hakuwahi kumkabidhi mteja kitu ambacho hajakijaribu. Toroli alilijaza mawe akalizungusha uani mpaka jasho limtoke. Kiti alikikalia mwenyewe na kujirusharusha, ngazi aliipanda mpaka juu na kubaki huko akitutazama. Mama naye, mkasi wake haukugusa kitambaa cha mtu kabla haujapita kwenye gazeti. Alikata gazeti kwanza, akaliunga kwa pini, akanivisha mimi, akanizunguka akinikagua, ndipo akashika kitambaa chenyewe. "Ukosee kwenye gazeti," alikuwa akiniambia, "usikosee kwenye nguo ya mtu." Kwetu hakuna jambo la maana lililoanza bila kujaribiwa kwanza kwenye kitu cha bei rahisi. Nililijua hilo kama nilivyojua jina langu.

Sijali alikuwa mbwa jike wa rangi ya mchanga, sikio moja limekatika nchani. Mama ndiye aliyempa jina hilo, akiwajibu majirani waliosema huyu ni mwanamke gani anayeongea na mbwa. Na kweli aliongea naye. Akishona, Sijali alilala chini ya cherehani, na mama alimsimulia habari za wateja, nani kanenepa na nani anajidai hajanenepa. Tatizo lake lilikuwa moja tu. Joto likimshika, madume ya Igoma nzima yalihamia kwetu, yanapigana chini ya dirisha na kuchimba chini ya uzio, hadi mtoto wa jirani akang'atwa mguu. Kisha likapita gari la kipaza sauti likitangaza kwamba mbwa wanaozurura watapigwa risasi. Sijali hakuwa mzururaji, waliomfuata ndio walikuwa wazururaji, lakini mwenye bunduki hangesimama kuuliza yupi ni yupi.

Na mama alikuwa anaumwa. Hakuna aliyeniambia. Nilijua kwa harufu, maana nyuma ya bafu palikuwa na beseni lenye khanga zilizolowekwa kwenye maji ya chumvi, na maji yale yalikuwa mekundu, na beseni halikukaa tupu. Alikuwa akishona anasimama ghafla, anashika meza, anangoja kitu kipite, halafu anakaa tena. Midomo yake ikaanza kuwa myeupe. Shangazi Milembe, dada yake baba, alikuja kutusaidia kazi, na ulimi wake ukaja naye. Nilimsikia jikoni akimwambia mwanamke mwenzake: "Ana uvimbe kwenye kizazi. Watamtoa kizazi chote. Watamlaza usingizi wa dawa, wampasue." Halafu akashusha sauti, ile ya kushusha ili watu wasikie vizuri. "Kuna mama mmoja upande wa Kigongo alilazwa hivyo hivyo asubuhi. Hajaamka hadi leo." Shangazi alikuwa na kifo cha kila ugonjwa, na vyote vilikuwa vya watu wa upande fulani ambako hakuna mtu wa kwenda kuhakikisha. Sasa naweza kusema hivyo. Wakati ule nilikwenda kukaa nyuma ya choo nikang'ata gauni langu nisilie kwa sauti.

Jioni moja tunakula, baba akasema, "Tuanze na Sijali Jumamosi. Bwana Mifugo atakuja kumtoa kizazi hapa hapa. Halafu wewe Alhamisi, hospitali." Mama akaitikia kwa kichwa tu. Tonge langu likabaki mkononi. Kumtoa kizazi, maneno yale yale ya shangazi. Sijali kwanza, mama baadaye. Nikamtazama baba anavyotafuna kwa utulivu, nikaelewa kila kitu, au nilidhani nimeelewa. Sijali alikuwa gazeti. Walitaka kuona usingizi ule unakwendaje, kisu kinapitaje, na kama anayelazwa huamka. Akiamka, mama apelekwe. Asipoamka, sikujua. Hapo akili yangu iligoma kwenda mbele.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikumuuliza mtu. Ninyi mliuliza? Nilibeba jambo lile peke yangu hadi Jumamosi. Nilimchungulia Sijali anavyokula, anavyotembea, nikimkagua kama baba anavyokagua chuma. Niliwaza kumficha kwenye mihogo. Lakini nikimficha, mama atapasuliwa bila kujaribiwa, na hilo lilinitisha zaidi. Nikaona bora ajaribiwe, nikaichukia nafsi yangu, nikamchukia na baba. Ijumaa jioni baba alisema mbwa asipewe chochote, hata maji yaondolewe alfajiri. Sijali akakaa mbele ya sufuria tupu akinitazama mimi. Nikageuka ukutani.

Bwana Mifugo alikuwa mtu wa Magu, mrefu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Zamani alikuwa wa serikali, anasimamia majosho ya ng'ombe. Dawa za majosho zilipoacha kuja, majosho yakakauka, naye akajiajiri na pikipiki na sanduku la bati. Baba ndiye aliyemchomelea kiti cha nyuma cha kubebea sanduku lile, na walikuwa wanafanyiana kazi. Aliingia uani akasalimia, "Mwangaluka," kwa Kisukuma, na baba akamwitikia hivyo hivyo. Mimi nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Mgonjwa wangu yuko wapi?"

Nikamwonyesha mama.

Akacheka, baba naye akacheka. Mama hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa karakana, amejifunga kitenge kizito ingawa kulikuwa na joto, na Sijali ameegemeza kichwa kwenye goti lake.

Meza ya baba ya kufanyia kazi ilikuwa imesuguliwa kwa maji ya moto na sabuni, ikatandikwa nailoni. Vifaa vya Bwana Mifugo vilikuwa vinachemka kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, vinagongana. Harufu ya spiriti ilijaa mahali pote palipozoea kunuka chuma kilichoungua. Akatoa bendeji, akafunga kitanzi, akamvisha Sijali mdomoni, akakaza, akapitisha ncha chini ya taya, akafunga fundo nyuma ya masikio. Nilipoona vile nikamkumbuka bibi. Mwaka uliotangulia bibi alikuwa amefia nyumbani kwetu, na mimi nilikuwepo, hakuna aliyekumbuka kunitoa. Nilimwona shangazi akichana kipande cha khanga, akakipitisha chini ya kidevu cha bibi na kumfunga taya. Kisha akapitisha kiganja usoni, kutoka juu kwenda chini, kwa sababu macho ya bibi yalikuwa yamebaki wazi yanatazama bati. Nilijua kitambaa cha taya anafungwa nani.

"Asiniume tu," Bwana Mifugo akasema, labda aliona uso wangu. Akamdunga sindano ya paja, kisha akamfungua mdomo upesi. "Huyu sasa atatapika. Ni kawaida ya dawa hii."

Hilo la kawaida ya dawa silikumbuki vizuri, maana hofu huziba masikio. Nilichoona ni Sijali akizunguka uani, akainamisha kichwa, akatapika povu la njano. Mbwa wa jirani aliyetegewa nyama yenye sumu alikuwa ametapika hivyo hivyo, akafa mbele ya geti letu. Sijali akajaribu kuja kwa mama. Miguu ya nyuma ikapishana, akakaa, akainuka, akalala ubavu.

Nikamnong'oneza mama, "Amempa sumu."

Nilitaka aseme acha ujinga. Nilitaka anifinye kabisa. Mama akasema, "Sijui, mwanangu. Tuangalie."

Sijawahi kuogopa neno kama nilivyoliogopa lile la sijui. Mama alijua kila kitu, alijua hata kiuno cha mtu kwa kumtazama akipita barabarani.

Wakambeba Sijali hadi mezani. Bwana Mifugo akamdunga ya pili, akaweka mkono kifuani mwake, akangoja. Mwili ukakakamaa kidogo, ulimi ukatoka pembeni, na macho yakabaki wazi. Wazi kabisa, yanatazama bati la karakana. Inzi akatua karibu na jicho, na jicho halikucheza. Basi, nikajua imekwisha. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anafanya kinachopaswa kufanywa, nikasogea mimi. Nikapitisha kiganja changu juu ya uso wa Sijali, kutoka juu kwenda chini, kama shangazi alivyomfanyia bibi. Kope zikashuka. Nilipoondoa mkono zikapanda tena, na yale macho yakanitazama bila kuniona. Nikarudi nyuma nikajigonga kwenye mitungi ya gesi ya baba.

"Usiyafumbe, hayafumbiki," Bwana Mifugo akasema, bila kunikemea. "Hii dawa inalaza mwili lakini macho inayaacha wazi. Hajafa. Njoo uweke mkono hapa." Sikwenda. "Tatizo ni kwamba yakikauka yanaharibika. Nilisema nichemshiwe maji ya chumvi, yako wapi? Anatakiwa mtu wa kuyalowesha muda wote."

"Mimi," mama akasema.

"Mama Kabula, kalale ndani upumzike," baba akasema. "Hata kusimama huwezi."

"Sitasimama. Nisogezee kigoda."

Baba akasogeza kigoda. Mama akakaa kwenye kichwa cha Sijali na kikombe cha maji ya chumvi na pamba, akawa anachovya na kukamua tone kwenye jicho hili, kisha lile. Mimi nikasimama nyuma yake nimeshika kitenge chake. Sikutaka kuona kisu, nikakaza macho kwenye vidole vya mama. Tone likakosa jicho, kisha jingine. Nikafahamu kwamba mama anaogopa, na dunia yangu ndogo ikakosa pa kushika.

"Anaona?" mama akauliza.

"Haoni, mayu," Bwana Mifugo akajibu, ameinama. Mayu ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, na alilitamka kwa heshima. "Macho yapo tu."

"Anasikia?"

"Maumivu hasikii hata kidogo."

"Sikuulizi maumivu. Akiitwa jina lake, anasikia?"

Bwana Mifugo akasimamisha mikono. Alimtazama mama kwa mara ya kwanza vizuri, ile midomo myeupe, kile kitenge kizito, na nadhani baba alikuwa hajamwambia kitu. "Hilo sijui," akasema. "Wagonjwa wangu wakiamka hawasimulii."

Akaendelea na kazi. Baada ya muda akaweka kitu kwenye beseni dogo, nami nikakosea nikatazama. Kilikuwa chekundu, kina pembe mbili ndefu, hakijazi hata kiganja cha mtu mzima. Ndicho kizazi. Sikuwa najua ni kitu kinachoweza kukaa kwenye beseni. Mama alikitazama muda mrefu, tone likaning'inia kwenye pamba bila kudondoka, mpaka Bwana Mifugo akamkumbusha, "Macho, mayu."

Alishona kwa nyuzi ndogo ndogo na mama akamsifia mshono, kwa sauti ya kawaida kabisa, fundi kwa fundi. Nilipata nafuu kidogo hapo. Halafu ikaanza kazi ya kungoja, na ile ndiyo iliyonimaliza.

Walimlaza Sijali kwenye gunia kivulini. Bwana Mifugo akasema ataamka taratibu, tusipige kelele, tusimmwagie maji. Akapewa chai. Mawingu yakaja kutoka upande wa ziwa na upepo ukawa wa baridi, ule unaotangulia mvua. Sijali alikuwa bado macho wazi. Bwana Mifugo akamgusa ufizi, akamfinya katikati ya vidole vya mguu. "Bado," akasema. Akanywa chai, akarudi, akafinya tena. "Bado." Mwanzoni alikuwa anapiga soga na baba habari za pamba na za ng'ombe. Kisha soga zikaisha. Akaacha chai ipoe, akachuchumaa pale chini na kuweka sikio lake kifuani mwa mbwa, na baba akaacha kupanga vyuma vyake.

"Amepoa mwili," Bwana Mifugo akasema. "Mleteeni kitu cha kumfunika."

Mama akaingia ndani akatoka na khanga mbili na blanketi. Nilizijua. Zilikuwa za kwenye begi la hospitali, zimefuliwa na kukunjwa pamoja na kikombe na sabuni, shangazi alikuwa amekataza tusiziguse. "Hizo si za Alhamisi?" baba akauliza. Mama akamfunika Sijali mpaka shingoni, akakaa chini kabisa, ardhini, akaendelea kumlowesha macho.

Mimi nilikuwa nimesimama nikifikiria magazeti. Gazeti likiharibika, mama hulikunja akalitupa, akachukua jingine. Anaweza kuharibu hata matatu kabla ya kupatia gauni la shingo ngumu. Lakini mbwa mwingine hatukuwa naye. Jaribio lilikuwa hili moja, na lilikuwa limelala kwenye gunia limefunikwa khanga za mama, macho yake yametoka kama ya bibi. Nikaanza kusali, na sikujua nimwombee nani, kwa hiyo nikawaombea wote wawili kwa sala moja, nikimwomba Mungu amfanye aamke, aamke tu, bila kutaja nani.

Ndipo Sijali akalia. Mliowahi kumsikia mbwa anayetoka kwenye dawa mnajua. Sauti haikuwa ya kubweka wala ya kuumia, ilikuwa ndefu, ya chini, inatoka mbali, na miguu yote ikaanza kukimbia pale pale ardhini huku kichwa kikiyumba. Macho bado hayaoni. Shangazi Milembe akatokeza mlangoni na mwiko mkononi, akasema, "Mbwa anaaga huyo." Nikapiga ukelele. Baba akasema, "Milembe, rudi jikoni."

Mama alikuwa ameinama hadi mdomo wake ukawa karibu na lile sikio lililokatika. "Sijali," akaita, taratibu, kama anavyomwita wakati wa kushona. Akangoja. "Sijali."

Miguu ikatulia. Chini ya khanga, upande wa mkia, kitambaa kikainuka kidogo, kikashuka. Kikainuka tena.

"Amerudi," Bwana Mifugo akasema, akakaa chini kabisa kwenye vumbi, mtu mzima yule, akajipangusa uso. "Wakilia hivyo wanarudi. Wanakuwa wamechanganyikiwa tu." Mama akaweka kikombe pembeni akalia. Hakujificha. Baba alisimama pale hajui aweke wapi mikono yake, mwishowe akaiweka kichwani mwangu.

Mvua ilipoanza walimhamishia Sijali barazani, chini ya cherehani. Mama akaketi kwenye kiti chake, akanivuta kwake. Nikapata ujasiri, nikamwambia yote: gazeti, jaribio, Alhamisi. Nilitegemea atacheka. Badala yake akawa ananiviringisha nywele.

"Baba yako hakujaribu kitu," akasema. "Alitaka mbwa atibiwe mapema kwa sababu mimi nikilazwa hakuna wa kumwangalia. Ni mimi niliyesema afanyiwe hapa, mbele yangu." Akamtazama Sijali. "Nilitaka kuona mtu anavyoamka."

Nikabaki sijui nifurahi au niogope zaidi. Nilikuwa nimekosea kuhusu baba na nimepatia kuhusu jambo lenyewe. Hadi leo sijui kama alifanya vizuri kuniambia, ila namshukuru.

Alhamisi wakampeleka hospitali kubwa ya kilimani. Khanga zilikuwa zimefuliwa tena, na shangazi alizinusa akakunja pua lakini akazifunga kwenye begi. Mimi nilibaki na Sijali, ambaye tayari alikuwa anatembea kwa maringo ya mgonjwa anayejua amepona. Kesho yake saa ya kuona wagonjwa baba alinichukua, akaniambia nitembee nyuma yake nisitazame huku na huku. Wodi ilinuka spiriti.

Mama alikuwa amelala chali, amefunikwa hadi shingoni kwa zile khanga. Na macho yake yalikuwa yamefumbwa.

Sidhani naweza kuwaeleza nilivyoogopa. Nilikuwa nimejiandaa kwa macho yaliyo wazi. Njia nzima nilijiambia, yakiwa wazi usiogope, ndivyo dawa ilivyo, atakuwa anarudi. Lakini yamefumbwa. Macho ya bibi yalifumbwa na mtu, na macho ya Sijali aliyekuwa hai yalikataa kufumbwa. Basi haya ya mama nani ameyafumba? Baba alikuwa anasalimiana na muuguzi. Nikasogea kitandani nikaita, "Mama." Kope hazikucheza. Nikapanda kwenye chuma cha kitanda, nikanyoosha kidole, nikamfunua kope.

Jicho likazunguka, likanitazama.

"Kabula," mama akasema, sauti imekauka, "toa kidole chako."

Nililia mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakaamka. Muuguzi akataka kunitoa, mama akamwambia aniache. Akanishika mkono, akanivuta sikio langu lifike mdomoni kwake, maana hakuweza kuinua sauti. "Nilikuwa chini kabisa," akasema. "Siwezi kufumbua macho, siwezi kusogeza hata kidole. Lakini kuna nesi alikuwa ananiita jina, na nilimsikia kabla sijaweza kumjibu. Kamwambie Bwana Mifugo. Wanasikia."

Nilimwambia, alipokuja kutoa nyuzi za Sijali. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi nitakuwa nawaita." Sijui kama alifanya hivyo. Sijali aliishi miaka mingi chini ya cherehani, hakuna dume lililochimba uzio wetu tena. Mama aliishi zaidi, akashona sare zangu za shule, akashona na gauni langu la harusi, baada ya kuharibu magazeti yasiyo na idadi.

Sasa turudi chumbani, kwa shangazi aliyezeeka na mkono wangu uliogoma. Macho ya mama yalikuwa wazi, yanatazama bati. Nilijua amekufa. Mimi si mtoto tena, nimeona wafu wa kutosha. Lakini nikasema, "Nileteeni maji kidogo yenye chumvi, na pamba."

"Ya nini?" shangazi akauliza. Halafu akanitazama, na nadhani akakumbuka, kwa sababu alikwenda kuyaleta mwenyewe, akijikokota na fimbo yake.

Nikamlowesha jicho moja, kisha la pili. Nikainama hadi sikioni, nikaita taratibu, "Mama." Ndugu walikuwa wameacha kulia. Nikangoja. Nikaita tena, nikangoja tena, na hakuna aliyenihimiza.

Kisha nikamfumba macho.